Mwaka Nilioiundia Sayansi Kamati ya Harusi

Mimi sishangai. Wanaonifahamu hapa Mwanza wanajua kwamba hayo si majigambo. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, akaanza kusukuma barafu kwa baiskeli ya kuazima mpaka mwaloni wanakoshusha samaki, na leo ana kiwanda chake mwenyewe na malori yenye jina lake ubavuni, atashangazwa na nini tena? Nimeona ziwa likipanda mpaka likaingia jikoni kwa watu wakiwa wanakula, nao wakanyanyua miguu wakaendelea kula. Nimeona mtu wa kodi akicheka. Ndiyo maana mwezi uliopita, tulipomzika Mwalimu Konsolata kule Pasiansi, nilikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, nikiwa nimejiandaa kabisa. Wale watoto watano aliowafundisha sebuleni kwake walikuja wote, sasa ni watu wazima wenye ndevu na simu mbili mbili. Binti yangu Kabula, ambaye siku hizi anasomea uhandisi, alikaa pembeni yangu. Padri akiwa katikati ya sala, Kabula akaninong'oneza: "Baba, unakumbuka MC alivyotuomba tuvipigie viluwiluwi makofi ya kilo?" Nikacheka. Msibani, mstari wa mbele, mwili mzima ukitikisika. Padri akanitazama, mke wangu akanifinya, na mimi nikajifanya nalia, jambo ambalo baada ya dakika chache likawa kweli.

Huo mwaka wa viluwiluwi ndio ninaotaka kuusimulia. Kabula alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alianguka kutoka juu ya makreti pale kiwandani akavunjika mguu, akakaa nyumbani muhula mzima. Mama Kabula, mke wangu, hakutaka mtoto apitwe na masomo, akampeleka kwa Mwalimu Konsolata, mama wa Kihaya aliyekuwa amestaafu na ambaye tayari alikuwa na watoto wengine wanne waliokuwa wakisomea kwake na majumbani mwao, kila mmoja kwa sababu za wazazi wake. Mguu ukapona. Muhula ukaisha. Mtoto akasema harudi shuleni, anasomea nyumbani. Sasa fikiria mwenyewe, mtu mwenye jina kama langu, anapita Igoma, anasikia mafundi wanaulizana: "Hivi Baba Kabula ameishiwa? Mbona mtoto yuko nyumbani?" Mimi! Kuishiwa! Nilikwenda siku hiyohiyo nikanunua tranka la bluu, godoro na ndoo yenye mfuniko, nikalipia nafasi ya bweni kwa muhula wa Januari, kisha nikaliweka tranka sebuleni karibu na televisheni ili kila mgeni alione. Kabula alikuwa akilipita kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Mama Kabula hakupiga kelele. Yeye akikasirika anaongea polepole, na huo ndio ubaya wake. "Baba Kabula," akasema, "Mwalimu anaandaa maonyesho ya sayansi mwezi wa kumi na moja. Ngoja uyaone. Ukiona mtoto hajajifunza kitu, mimi mwenyewe nitampangia nguo kwenye hilo tranka. Ukiona amejifunza, tranka litolewe sebuleni." Nikakubali, kwa sababu nilijua nitashinda. Mtoto gani anajifunza sayansi kwenye sebule yenye vitambaa vya kufuma?

Ile sebule ya Mwalimu ilinisumbua sana mara ya kwanza nilipoingia. Nilitegemea ubao na chaki. Nilikuta makochi yenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, picha ya Bikira Maria, na chini ya Bikira Maria chupa kubwa ya kachumbari iliyojaa viluwiluwi vinavyoogelea. Juu ya jokofu kulikuwa na sanduku la mbao lenye balbu ndani na mayai ya kuku. Watoto wamelala kifudifudi sakafuni, wanachora. Hakuna aliyesimama kuniamkia mpaka Mwalimu alipokohoa, ndipo zikaja shikamoo tano kwa mpigo kama risasi. Tukaletewa ndizi za kupika na maharage, na Mwalimu akanieleza kanuni yake huku akinipakulia. "Kila mtoto atafute swali lake," alisema. "Swali ambalo jibu lake mimi mwenyewe silijui." Nikaweka kijiko chini. "Mwalimu, kwa heshima zote, kama hata wewe hujui, sasa mimi nakulipa nini?" Akaniongezea ndizi. "Unalipia ndizi," akasema. Mke wangu alicheka mpaka Pasiansi yote ikamsikia.

Wakati huo mimi nilikuwa katika kilele cha kilele. Mbali na barafu, nilikuwa nimeingiza biashara mpya ya maturubai meusi, mazito, yenye maandishi ya njano: BARAFU YA BABA KABULA – HAIJUI JUA. Mvuvi akinunua barafu, ananunua na turubai la kufunikia. Wazo lilikuwa langu mwenyewe, sikushauriwa na mtu. Niliona watu wanafunika maiti vizuri, wanafunika magari vizuri, lakini barafu wanaiacha uchi. Mteja wangu mkubwa, Hajati Zubeda, mwenye boti na majokofu ya samaki, alinunua kumi na mawili kwa siku moja na kuniita jiniasi. Nilikuwa nikiendesha gari kando ya ziwa na kuona jina langu linametameta kwenye mitumbwi, nikawa naendesha polepole makusudi.

Basi jioni moja, mwezi wa tisa hivi, nilirudi nyumbani nikapitia mlango wa nyuma kwa sababu viatu vilikuwa na matope. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, harufu ya sato anayekaangwa imetoka mpaka uani. Nikasikia sauti ya Kabula: "Mama, nimerudia tena. Imekuwa vilevile." Mke wangu akauliza: "Mara zote?" Mtoto akajibu: "Zote. Labda nibadilishe swali tu." Nikasikia sato anageuzwa kwenye mafuta. Kisha mke wangu akasema: "Usimwambie baba yako. Kwanza tuongee na Mwalimu." Mimi nikabaki pale nje na kiatu kimoja mkononi. Nilielewa mara moja, kwa sababu mimi naelewa mambo haraka. Mtoto ameshindwa. Anajaribu, inakataa, anajaribu, inakataa. Hana kitu cha kuonyesha, na mama yake anamfichia. Ilinipasa nifurahi, si nilitaka aende bweni? Lakini nasema kweli, ile sauti ya "labda nibadilishe swali" iliniingia hapa kifuani. Kushindwa ni sawa. Kushindwa mbele za watu, mtoto wangu, na jina langu, hapana. Kama mtoto hana kitu cha kuonyesha, basi baba yake ataonyesha. Nitafanya maonyesho makubwa kiasi kwamba hakuna atakayeona kama mezani kwa Kabula kuna kitu au hakuna.

Na shughuli kubwa sisi tunajua kuifanya kwa njia moja tu. Niliunda kamati. Mwenyekiti mimi, mweka hazina Hajati Zubeda, wajumbe wote ni wateja wangu wa barafu. Tulikutana sebuleni kwangu kila Jumapili, tranka tumeligeuza meza ya vinywaji, na kikao cha kwanza kizima kilikwisha kwenye rangi za sherehe. Hajati alitaka zambarau na dhahabu. Mjumbe mmoja mwenye mitumbwi miwili akauliza, kwa unyenyekevu, kama sayansi inazo rangi zake maalumu. "Sayansi ya nani?" Hajati akamjia juu. "Sayansi ya kwetu ni zambarau na dhahabu." Tukapitisha. Tukapitisha ukumbi wa bustanini unaotazama ziwa, tukapitisha mapambo, keki ya ghorofa tatu, matarumbeta, na MC Bashasha, ambaye mwaka huo huwezi kusema umefanya harusi Mwanza kama hakuwepo. Kamati ilikula sato wangu mpaka mke wangu akauliza, polepole: "Na bibi harusi ni nani?" Nikamwambia yeye apike tu.

Kadi za michango zilichapwa kwa mtindo uleule wa siku zote: familia ina furaha kukushirikisha katika kufanikisha sayansi ya watoto wake, mchango wako ni muhimu. Simu zikaanza. "Hongera sana Baba Kabula, lakini si bado mdogo huyo?" Mwingine akauliza mahari imekwishapokewa yote au bado. Kadi moja kwa bahati mbaya ikamfikia Mwalimu Konsolata mwenyewe. Alikuja kiwandani kwa miguu, mwavuli mkononi, akakaa kwenye kreti tupu kama anakaa kwenye kiti cha bunge.

"Baba Kabula, nimepata kadi. Inasema nichangie."

"Mwalimu, wewe ni bure! Kijana wa kusambaza amekosea."

"Mimi niliomba meza tano, majaji wawili, chai na maandazi."

"Chai na maandazi, Mwalimu? Watu watasema tuna msiba."

Akatazama nje, vijana wangu wakipakia barafu kwenye lori na kuifunika turubai. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Sawa," akasema. "Matarumbeta yako yaje. Naomba jambo moja tu. Tuanze saa nne kamili asubuhi. Kuna mtoto kazi yake inakaa juani, na tukichelewa itaharibika." Nikamwahidi saa nne kamili. Nilimwahidi kwa moyo mweupe. Lakini hivi, nani amewahi kuona shughuli yenye kamati ikaanza saa nne?

Siku yenyewe mapambo yalikuwa yanafungwa saa nne. Saa sita matarumbeta walikuwa wanapita mitaani juu ya gari la wazi kutangaza, kisha wakapotelea Kisesa kwenye harusi nyingine waliyokuwa wamechukua fedha yake pia. Saa saba keki ilikuja ghorofa mbili, ya tatu ikiwa imekaliwa. Watoto watano walikuwa wamesimama nyuma ya meza zao tangu asubuhi wakiwa wamevaa zambarau, Mwalimu anawapelekea maandazi aliyoyaficha kwenye mkoba wake. Meza ya kijana wa jiko la jua ilikuwa imefunikwa na mapazia ya dhahabu, jua halimfikii. Vifaranga kwenye sanduku la balbu viliamua kutotoka. Kabula meza yake ilikuwa tupu kabisa, jambo ambalo nilikuwa nimelitegemea, nikamwambia mpambaji aiwekee maua mengi. Vitu vyake alikuwa amevipanga nje kwenye nyasi, juani, tangu saa mbili asubuhi: mabonge matatu ya barafu kutoka kiwandani kwangu, yenye ukubwa mmoja, kila moja kwenye beseni. Moja limeachwa wazi. Moja limefukiwa kwenye pumba za mpunga kama takataka. Moja limefunikwa turubai langu, maandishi juu. Nilipoliona lile la tatu nikasikia raha. Mtoto hana sayansi, nikajisemea, lakini angalau anamtangazia baba yake biashara.

Tulianza saa nane na nusu. MC Bashasha alikuwa hajawahi kuongoza sayansi, lakini mtu mwenye kipaji hababaishwi na jambo kama hilo. Aliita viluwiluwi mezani kwa nderemo, akawaomba wageni wavipigie makofi ya kilo moja, kisha ya kilo mbili, akasema vimependeza, vimetulia, vina malezi. Aliwaita majaji "wazazi wa upande wa pili". Mtoto wa kuchuja maji ya ziwa alipokunywa glasi yake, MC akamwomba amnyweshe na mwenzake, mikono ikipishana. Wageni walikuwa wanafurahi ajabu. Hajati alikuwa amekwishatoka kwenda kumtunza mchuja maji. Mimi meza kuu nilikuwa nimeegemea, nikijiambia kwamba hakuna atakayekumbuka mtoto wangu alionyesha nini.

"Na sasa," MC akapaza sauti, "tunatoka nje wote, tukamfunue mwali wetu wa barafu!"

Tukatoka. Matarumbeta, ambao walikuwa wamerudi, walipewa maelekezo kwamba kila beseni likifunuliwa, wapige. Kabula akapewa kipaza sauti. Alikuwa mdogo kuliko nilivyokuwa namwona nyumbani. "Naitwa Kabula," alisema. "Swali langu ni hili: barafu ya Baba inadumu zaidi ikifunikwa kwa nini?" Wateja wangu wote wakapiga makofi. Nikasimama nikapunga mkono. "Mimi nilidhani nalijua jibu," akaendelea. "Nilidhani ni turubai la Baba, kwa sababu Baba alisema. Nilitaka nimpimie, ili awe na ushahidi." Nikapunga tena.

Akaonyesha beseni la kwanza, lile la wazi. Lilikuwa limebaki bonge kama mkate. Matarumbeta wakapiga. Akaenda la pili, akapangua pumba kwa mikono yote miwili, akapangua, akapangua, na ndani lilikuwa limekaa bonge kubwa kama tofali la saruji, linatoa moshi wa baridi. Vigelegele. Mvuvi mmoja akaligusa, akarudisha kidole haraka. Halafu akafika la tatu. Akashika ncha ya turubai, akasimama. Akanitazama. Nikajua ameshikwa na aibu ya hadhara, hata wakubwa huwashika, nikapaza sauti kumtia moyo: "Funua mama! Usiogope!"

Akafunua. Kulikuwa na maji. Katikati ya maji kilikuwa kinaelea kitu kama sabuni ya kuogea inayokaribia kwisha. Na matarumbeta, kwa kuwa walikuwa wameambiwa, wakapiga.

Walipiga wimbo mzima. Sijawahi kusikia wimbo mrefu namna ile. Walipomaliza, Hajati Zubeda akasogea mpaka kwenye beseni, akainama. "Mwanangu, hebu rudia. Hili la sabuni ni lipi?"

"La Baba, Hajati."

"Hili lenye maandishi?"

"Ndiyo. Rangi nyeusi inavuta jua, joto lote linashuka kwenye barafu. Nilijaribu nyumbani mara nyingi, kila mara lilikuwa linashindwa, hata na lile la wazi. Lakini lilikuwa linashindwa kidogo. Leo limeshindwa sana kwa sababu tumechelewa."

"Mimi ninayo kumi na mawili!" Hajati akageuka kunitafuta. "Baba Kabula! Ninayo kumi na mawili, na wewe umekula kwangu Idi!"

MC Bashasha aliona hatari, akafanya anachofanya harusi ikiharibika: akanikimbilia na kipaza sauti. "Na sasa neno la baba mzazi!" Wateja wangu wote walikuwa wananitazama, wote niliowachangisha, wote nikiwa nimewaita mwenyewe kwa kadi. Nikasafisha koo. "Ndugu zangu," nikasema, "jambo hili mimi nilikuwa nalijua siku nyingi. Nilikuwa namwachia mtoto agundue mwenyewe."

"Hapana," Kabula akasema. Naye bado alikuwa na kipaza sauti chake. "Baba alikuwa hajui. Alikuwa hajui kabisa."

Watu walivyocheka, pazia moja la dhahabu lilianguka. Alikuwa anacheka hata jaji. Mwalimu Konsolata peke yake hakucheka, alikuwa anamtazama Kabula, na Kabula alikuwa ananitazama mimi, kipaza sauti amekishika kwa mikono miwili. Kicheko kilipopungua akasema tena, polepole, kama mama yake: "Nilitaka kubadilisha swali, ili usiaibike. Lakini ningebadilisha ningekuwa nadanganya, na kama nadanganya basi sijajifunza kitu, na ungekuwa na haki ya kunipeleka bweni."

Nimeketi na watu wengi wakubwa katika maisha yangu. Nimejadiliana bei na watu wa viwanda vya samaki waliosoma mpaka macho yakaumia. Hakuna aliyewahi kunifunga mdomo kama yule mtoto mwenye gauni la zambarau. Mpaka leo pale kiwandani, kijana akiniletea habari yoyote, pampu imefanya hivi, chumvi imefanya hivi, neno langu la kwanza ni "umepima?" Wananiita Mzee Umepima nikigeuka, nawasikia, na sijali. Lakini siku ile nilisimama na kipaza sauti, upepo wa ziwa unavuma ndani yake vuu vuu, mpaka MC akaninong'oneza: "Mzee, sema chochote."

"Haendi bweni," nikasema. "Na mwenye turubai langu alilete kiwandani, nitamrudishia fedha yake."

Vigelegele vya Hajati vilisikika ng'ambo ya ghuba. Majaji walimpa Kabula nafasi ya pili. Ya kwanza ilikwenda kwa viluwiluwi, na mimi mpaka leo napinga. Wiki iliyofuata maturubai yalirudi yote. Yalirudi hata yaliyochanika, hata moja la bluu ambalo sikuliuza mimi, nalo nikalilipa kwa sababu mwenyewe aliapa mbele ya wake zake. Nikatuma lori Kisesa kwenye mashine za kukoboa mpunga, ambako pumba zilikuwa zinatupwa bure barabarani, na wenye mashine walipoona jina ubavuni mwa lori wakagundua siku hiyohiyo kwamba pumba zina bei.

Lakini jioni ile ya maonyesho tulirudi mimi na Kabula peke yetu kwenye gari, mama yake akiwa amebaki kukusanya sahani. Tulipofika Pasiansi kulikuwa na mama mmoja kando ya barabara, kapu la plastiki mbele yake, anauza barafu za ukwaju kwenye vifuko. Kabula akasema, "Baba, nina kiu. Ninunulie barafu." Mimi, mwenye kiwanda. Nikasimamisha gari. Tukanunua moja moja, mama akakataa kunipa chenji akisema mtu kama mimi anadai chenji ya nini, na tukakaa pale na milango wazi tukizinyonya, mtoto akinieleza kwa nini yangu inayeyuka haraka kuliko yake.

Kwa hiyo, ukumbi, mapambo, matarumbeta, keki yenye ghorofa iliyokaliwa, maturubai yote pamoja na lile la bluu, pumba za Kisesa, ada ya bweni ambayo haikurudi, na barafu mbili za ukwaju: shilingi milioni tisa, laki sita, elfu arobaini na mia tano.